Umelipa Bili, Lakini Deni Bado Lipo



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, tulitangaza mchango wa miche ya kupanda kando ya Mto Mgeta. Kijana mmoja, mzaliwa wa hapa Kisaki anayefanya kazi Dar es Salaam, akanijia akitabasamu: “Baba, mimi kila mwezi nalipa bili ya maji. Sidaiwi na mto wala na mlima.” Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka. Leo namjibu hadharani, si kwa kumwaibisha, bali kwa sababu kauli hiyo ni yetu sote, ila yeye amekuwa mkweli wa kuitamka.

Kijana wangu, hebu tufuate maji unayoyanywa. Mgeta unazaliwa katika Milima ya Uluguru, unazunguka upande wa kusini, unapita hapa kwetu, kisha unajiunga na Ruvu. Huo Ruvu ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na kutoka huko sehemu kubwa ya Dar es Salaam hupata maji. Mwishoni mwa mwaka 2022, Ruvu ulipopungua kwa ukame, jiji zima liliingia katika mgao wa maji. Watu wakabeba madumu usiku kucha. Siku zile hakuna aliyesema kwamba hadaiwi na mlima.

Bili yako, kwa sehemu kubwa, hulipia mabomba, mitambo, dawa za kusafishia na mishahara ya watumishi. Ni haki kuilipa. Lakini yule mama wa Kiluguru anayelima mteremko mkali, tunayemwambia asifyeke, asichome, aache mita 60 kutoka kingo za mto kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyoagiza, yeye analipwa na nani kwa mahindi ambayo hakuyapanda? Tumemgeuza mlinzi wa kisima chetu bila ujira, na akikosea tunamwita mharibifu.

Wala msiseme kwamba jambo hili haliwezekani. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha katika eneo la Kibungo, huko huko Uluguru, mpango wa kuwalipa wakulima waliochimba matuta, kupanda miti na kutunza udongo usiingie mtoni. Miongoni mwa walioshiriki kulipa walikuwa DAWASCO, waliokuwa wakisambaza maji jijini wakati huo, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Kwa mara ya kwanza anayekunywa alimkumbuka anayetunza. Lakini mpango ule ulisimama kwa msaada wa wafadhili, na mradi huwa na mwisho. Kiu haina mwisho. Deni lisilo na mwisho halilipwi kwa mradi. Hulipwa kwa desturi.

Sasa niwageukie ninyi mliofurahi kusikia wa mjini wakikemewa. Sisi wa Kisaki nasi tunapokea kutoka juu. Udongo wenye rutuba wa bonde letu umeteremshwa na maji kutoka kwa jirani zetu wa milimani. Nasi tumerudisha nini? Tunalima hadi ukingoni mwa mto, tunakata miti ya kingo kwa mkaa, halafu mafuriko yakija tunaomba misaada ya serikali. Mkono wetu wa kupokea umekomaa; wa kutoa umepooza.

Kumbukeni wale wakoma kumi katika Injili ya Luka. Wote waliponywa, na tisa kati yao hawakutenda dhambi ya wizi wala ya uongo. Walikwenda tu zao na afya yao. Hata hivyo Bwana aliwauliza habari zao. Kutorudi ni kosa lenye jina lake mbele ya Mungu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba maji salama ni haki ya kila mtu, na papo hapo akazungumzia deni la kimazingira ambalo wenye nacho wanadaiwa na maskini. Haki ya kunywa haifuti wajibu wa kutunza.

Najua mtakachosema: “Baba, sisi ni maskini.” Mimi nilisomeshwa seminari kwa debe za mahindi na maharage za wajane ambao wengi wao hawakuniona nikipewa daraja. Wangengoja kutajirika, leo msingekuwa na padre wa kuwachosha kwa maneno haya. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naongeza: asiyerudisha akiwa na kidogo, akipata kingi atabadilisha sababu tu.

Basi nawaomba mambo mawili. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ichague kipande cha ukingo wa Mgeta, ikipande na kukitunza mwaka mzima, si siku ya kupiga picha tu. Na ninyi watoto wetu mlioko Dar es Salaam, kila mlipapo bili ya maji, tengeni kiasi kidogo kwa ajili ya miche. Viongozi wa Halmashauri ya Walei watakipokea na kutoa hesabu mbele ya waamini wote.

Na wewe kijana wangu, utakapofungua bomba kesho asubuhi, kabla hujanawa uso, jiulize maji hayo yamepita kwa nani. Ukishapata jibu, rudi. Yule mkoma wa kumi alirudi, na hakuna aliyemcheka.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu