Bima ndogo haimtoshi mstaafu

Gongoni, mjini Tabora, hakosekani mstaafu anayeendesha gari alilonunua kwa kiinua mgongo. Wengi hukata bima ndogo, Sh 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, wakaamini wamekingika. Sivyo. Bima hiyo humfidia mtu wa tatu aliyeumizwa au kuharibiwa mali. Mzee akijigongea mwembe, kulinyoosha bodi ni juu yake.

Bima kubwa hubeba hasara hiyo, ila kwa kawaida hutozwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari: la Sh milioni 10 hudai Sh 350,000 kabla ya VAT. Kwa anayeishi kwa pensheni, huo ni mzigo. Katikati ipo bima ya mtu wa tatu, moto na wizi, lakini mawakala wengi hawaitaji.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) iwabane mawakala wamsomee mteja masharti kwa Kiswahili chepesi kabla hajalipa. Kampuni nazo ziwapunguzie wazee wasio na madai kwa miaka mingi. Nanyi wazee, hakikini bima zenu kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya gari. Rahisi huwa ghali.