Maudhui Si Mbegu ya Riwaya: Lawama kwa Wahakiki Wanaofunza Utunzi

Katika idara zetu za Kiswahili pana imani ambayo imerithishwa kwa muda mrefu pasipo kuhojiwa: kwamba mtu akishajua kuhakiki riwaya, basi amekwisha kujua namna riwaya inavyotungwa. Makala haya yanakusudia kuipinga imani hiyo. Tunashikilia kwamba istilahi za mhakiki, yaani dhamira, maudhui, wahusika, mandhari na mtindo, zikikabidhiwa mwandishi chipukizi kama ramani ya kazi, humpoteza. Lawama haiwaangukii wanafunzi. Inatuangukia sisi tuliowafunza.

Dalili za maradhi haya anazijua kila mwalimu aliyewahi kuletewa mswada. Mwanafunzi wa uzamili huanza kwa kuorodhesha maudhui: ufisadi, ukimwi, nafasi ya mwanamke, mgongano wa ukale na usasa. Kisha huitafutia kila hoja mhusika wa kuibeba. Sura ya kwanza haijafika katikati, na tayari mzee mmoja amekwisha kumhutubia mwanawe kurasa tatu juu ya madhara ya rushwa. Tumepata kusoma miswada ambamo hamna mtu hata mmoja anayehisi njaa, anayedaiwa kodi ya nyumba, wala anayesema uongo ili ajinusuru. Wahusika wote wana msimamo, ila hapana mwenye haja.

Soko nalo huyapalilia maradhi haya. Kitabu kikiteuliwa kutahiniwa shuleni hununuliwa kwa wingi. Kisipoteuliwa, aghalabu hukaa ghalani. Kwa hiyo mwandishi hutunga huku akiliona swali la mtihani mbele yake. Hatumlaumu kwa kutaka kula jasho lake. Tunamkosoa kwa kudhani kwamba riwaya zilizodumu katika madarasa yetu zilidumu kwa wingi wa maudhui yake.

Tuitazame Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na babake, Bwana Maksuudi, anataka kuuona ulimwengu ulio nje ya kuta. Haja hiyo ndiyo inayomtoa nyumbani, na gharama yake ndiyo inayoisukuma hadithi. Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, Kongowea Mswahili anaondoka Tanga kumtafuta baba asiyemjua. Katika Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed, haja imekuwa jina la kitabu. Baadaye sisi wahakiki tulifika na vikapu vyetu tukavuna utabaka, ukombozi wa mwanamke na utambulisho. Mavuno hayo ni halali, lakini mvunaji asijidai kwamba yeye ndiye aliyepanda.

Yamkini mtu atatukumbusha Shaaban Robert, ambaye hakuficha nia yake ya kuadilisha na ambaye wahusika wake hubeba majina ya sifa zao. Hoja hii ina uzito, ila hebu tuisome tena Kusadikika (1951). Karama anaposimulia habari za wajumbe sita, yeye ni mshtakiwa aliyesimama mbele ya mfalme, na mshtaki wake ni waziri Majivuno. Asipojitetea ataangamia. Maadili yale yana nguvu kwa sababu yanatoka kinywani mwa mtu aliye hatarini. Waigaji wake waliyachukua maadili wakaiacha kesi.

Basi mwandishi chipukizi afanye nini? Kwanza, kabla ya kuandika aya moja, aeleze kwa sentensi moja ni nani anataka nini, na ni nani au ni nini kinachomzuia. Ikiwa sentensi hiyo haiwezi kukamilika pasipo neno 'jamii', bado hana riwaya.

Pili, aache kungoja wahyi. Ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa juma, humpa kurasa mia mbili na hamsini katika majuma hamsini. Kisingizio cha kukosa nafasi kilijibiwa zamani: Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ katika gereza la Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za chooni, na riwaya ikatoka mwaka 1980. Mwenye meza na taa hana la kutuambia.

Tatu, rasimu ya kwanza iandikwe hadi mwisho bila kuirembesha. Wengi hufia sura ya pili kwa kuwa wamekaa na kamusi wakisaka maneno adimu. Kosa hili pia ni letu. Tumekihubiri Kiswahili sanifu kwa ukali hata utingo wa matatu katika miswada hii anamwita abiria kwa lugha ya tasnifu. Mwandishi aende stendi, sokoni na matangani, asikilize.

Nne, katika rasimu ya pili afute kila hotuba, kisha ajiulize ni tendo gani lingeifanya kazi yake. Hapo, na si kabla, ndipo zana za uhakiki zinapomfaa. Sasa anaweza kuuliza kitabu chake kinasema nini, maana kitabu kipo.

Twapendekeza, basi, kwamba katika kozi za utunzi tuache kudai muhtasari wa maudhui. Tumwombe mwanafunzi tukio moja: watu wawili chumbani, mmoja akitaka kitu ambacho mwenzake hawezi kukitoa. Tusome tukio hilo darasani kwa sauti. Huenda baadhi yetu tukaona haya kugundua kwamba, baada ya miaka mingi ya kufunza riwaya, sisi wenyewe hatuwezi kuliandika. Haya hiyo itatufaa kuliko mwongozo mwingine wa kujibu maswali.