Kati ya Wangapi?

Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, walipita mitaa na vijiji vya Kagera wakipima damu za watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wazima kwa wagonjwa, wakubwa kwa watoto. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na kufikia wakati huo kila mtu alikuwa na hofu yake na hesabu yake. Majibu yalipotoka, Bukoba Mjini asilimia 24.2 ya watu wazima walikutwa na virusi. Bukoba Vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10, Karagwe 4.5. Ngara na Biharamulo ilikuwa asilimia 0.4.

Mkoa ni mmoja, lakini tofauti kubwa namna hiyo isingeonekana kwenye majalada ya hospitali. Hospitali humhesabu aliyefika. Haijui ni wangapi hawakufika, wala wagonjwa wake wametoka kati ya watu wangapi. Japhet Killewo, Gideon Kwesigabo na wenzao waliuliza swali hilo la pili, kisha wakarudi kuliuliza tena kule ugonjwa ulikokuwa mzito. Bukoba Mjini ilishuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Mwaka 1999 Muleba ilikuwa 4.3 na Karagwe 2.6. Kagera ilipokuwa bado ikitajwa kwa makaburi na mayatima wake tu, wao walikuwa na ushahidi kwamba maambukizi yanapungua. Ushahidi huo ulipatikana kwa kurudi mahali pale pale, tena na tena.

Toleo hili linahusu watu waliofanya kazi ya namna hiyo maisha yao yote, hasa kwa ajili ya mama na mtoto. Tumeamua kulifungua tukiwa tumesimama Rulenge, kusini mwa wilaya ya Ngara, na kutazama kuelekea Biharamulo, kwa sababu huku ndiko tunakoona waziwazi nini kinakosekana katika utafiti wetu wa afya.

Epidemiolojia imekuja huku mara kadhaa, na mara nyingi imeletwa na kitisho. Baada ya uchunguzi wa 1987 ulikuja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya siku moja hivi, Wanyarwanda wanaokadiriwa kuwa kati ya 170,000 na 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Benaco, mahali ambapo wengi hawakuwahi kupasikia, pakawa na watu wengi kuliko miji mikubwa ya mkoa. Mashirika yalikuja na wataalamu wao, na hesabu ikaanza kufanywa kila siku: vifo vingapi kwa kila watu 10,000 kwa siku? Kikizidi kimoja, hiyo ni dharura. Kwa watoto chini ya miaka mitano mpaka huo ni viwili. Kipimo ni kikali na ni kizuri, maana kinamlazimisha mkuu wa kambi kuchukua hatua leo hii. Kilichotokea Goma, Zaire, Julai mwaka huo huo, ambako kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 kwa takriban mwezi mmoja, kilionyesha hatari iliyokuwa ikipimwa. Desemba 1996 Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao. Wakimbizi Warundi walibaki kambi ya Lukole kwa miaka mingine.

Kisha ikaja Marburg. Tarehe 20 Januari 2025 Rais alitangaza kwamba ugonjwa huo umethibitishwa Biharamulo, miaka miwili tu tangu uzuke Bukoba Vijijini. Ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamefariki: wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliohesabiwa kuwa huenda waliugua. Kazi iliyofanyika ilistahili kila shilingi. Hatuna neno baya juu ya waliovaa mavazi yale mazito na kuingia wodini.

Neno letu ni juu ya kifo kisichofanana na mlipuko. Mama anatokwa damu baada ya kujifungua, katika kijiji kimoja, usiku mmoja. Mwezi unaofuata mwingine anapata kifafa cha mimba katika kata nyingine. Hawa hawatangazwi na rais, na hakuna ndege itakayotua kwa ajili yao. Ukiangalia kijiji kimoja kwa mwaka mmoja huenda usione kitu. Ili uone, unahitaji mtu anayehesabu katika tarafa nzima kwa miaka kumi, anayewajua wakunga kwa majina, anayejua barabara gani hujifunga masika. Kazi ya kudumu ya namna hiyo ndiyo tunayoitetea hapa.

Februari 1987, mwaka ule ule wa uchunguzi wa Kagera, mkutano wa Nairobi ulizindua juhudi za dunia za uzazi salama. Tangu wakati huo tumekuwa tukiulizana: Tanzania inapoteza akina mama wangapi? Tafiti za kitaifa za afya ya uzazi zimejibu hivi, kwa kila vizazi hai 100,000: 529 mwaka 1996, 578 mwaka 2004–05, 454 mwaka 2010, 556 mwaka 2015–16, na 104 mwaka 2022. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Msomaji atauliza ipi ni ya kweli. Ni swali la haki, na jibu lake liko katika namna tarakimu hizo zinavyopatikana. Kwa kuwa vifo vingi havisajiliwi, mtafiti humwuliza mwanamke habari za dada zake waliozaliwa tumbo moja: nani yu hai, nani amefariki, na aliyefariki alikuwa mjamzito au ndiyo kwanza amejifungua? Kifo cha uzazi ni tukio adimu, hata pale ambapo ni kingi mno. Utafiti ukiongeza au ukikosa vifo vichache, tarakimu ya taifa inayumba. Ndiyo maana haiwezi kushuka hadi wilayani. Mganga mkuu wa Ngara hawezi kuifungua taarifa hiyo akamkuta mama wa Rulenge.

Anachokuwa nacho mkononi ni vitabu vya MTUHA, mfumo wa wizara wa taarifa za huduma za afya. Muuguzi wa zahanati anamjaza mjamzito kwenye kitabu namba 6, na akija kujifungua anajazwa kwenye namba 12. Mara nyingi muuguzi huyo ndiye anayezalisha, ndiye anayechanja, na ndiye anayefunga hesabu za mwezi. Tunamheshimu, kwa sababu takwimu zote za wizara zinaanzia kwenye kalamu yake. Ila kitabu kina mipaka yake. Aliyejifungulia nyumbani hayumo namba 12. Aliyefia njiani kati ya zahanati na hospitali ya Rulenge, au Murgwanza, huenda asimo kabisa. Na ukitaka kugawanya, unagawanya kwa nini? Idadi ya wajawazito wanaotarajiwa hukadiriwa kutokana na sensa, lakini Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na watu huvuka kwenda kulima, kufanya biashara, kuolewa. Anayekuja kliniki kutoka ng'ambo anaongezwa juu ya mstari bila kuwamo chini yake. Hapo ndipo kata inapoweza kuandika kwamba imechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake, huku kuna nyumba ambazo hazijamwona mchanjaji. Asilimia ya namna hiyo isipigiwe makofi. Apelekwe mtu akaulize nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1994, Benaco ilipokuwa ikijaa, Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha hoja ambayo wakunga wanaifundisha hadi leo, ya ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Hadi daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, gari la wagonjwa lililopitia Geita kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, lilitegemea kivuko. Sasa daraja lipo. Je, kuchelewa kufika kumepungua kwa mama anayetoka huku, au tatizo lake bado liko nyumbani, kwenye kuamua? Swali hili linajibika, na halihitaji maabara ya gharama. Linahitaji mtu wa kulishikilia.

Tunajua kazi ya kushikilia inazaa nini. Gernard Msamanga wa Muhimbili na Wafaie Fawzi wa Harvard walianza mwaka 1995 kuwapa vitamini wajawazito 1,075 wenye VVU jijini Dar es Salaam. Mwaka 1998 walionyesha kwamba vifo vya watoto tumboni vilipungua kwa asilimia 39. Hawakuishia hapo. Walikwenda kwa wajawazito wasio na VVU, zaidi ya 8,000, na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba hata kwao watoto wenye uzito pungufu walipungua. Muleba, jirani zetu, majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuwashinda mbu sugu yalilifanya Shirika la Afya Duniani libadili ushauri wake.

Wapo watakaosema kijiji kinahitaji gari, damu na dawa ya kuzuia kutokwa damu kabla ya mtafiti. Tunakubali kwamba vinahitajika. Lakini halmashauri yenye gari moja lazima iamue lilale wapi, na bila hesabu litalala kwenye makao makuu.

Kwa hiyo tunavitaka vyuo vyetu, Muhimbili na Bugando vikiwa mbele, vimpandishe cheo mtafiti kwa miaka aliyokaa na eneo moja na kwa yaliyobadilika hapo, pamoja na idadi ya makala zake. Tunazitaka halmashauri za Ngara na Biharamulo ziwasomeshe epidemiolojia vijana wao, wauguzi na matabibu wanaozijua njia na lugha za huku, kisha ziwape kazi ya kurudi kuifanya. Na kila atakayekuja kuhesabu, matokeo yake yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla hayajasomwa ng'ambo.

Wewe muuguzi unayefunga hesabu ya mwezi, ukiona tarakimu isiyoeleweka katika kitabu chako, tuandikie. Toleo lijalo tumekutengea kurasa.