Kalambo na ushuhuda wa maji

Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Mkoa wa Rukwa, Tanzania, na Zambia, yaliwahi kudhaniwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 300. Vipimo vya miaka ya 1920, ule msafara wa Enid Gordon-Gallien wa mwaka 1928 ukiwamo, vikayashusha hadi mita 200 na ushei. Mwaka 1956 ikapatikana 221, na tangu hapo wapimaji wengine wamekuja na namba zao. Na huo ni mwamba. Hauvimbi masika, haunywei Septemba. Kama mwamba umewatatiza wapimaji, vipi maji yanayopita juu yake?

Nauliza kwa sababu mkulima wa Ufipa, mkoani humo, akisema mto umepungua, ni rahisi kumjibu: leta takwimu. Basi tuitazame takwimu inavyozaliwa. Mtu huingia mtoni, akapima kina, upana na kasi ya maji. Akizidisha anapata mita za ujazo kwa sekunde. Kwa kuwa hawezi kushinda majini kila siku, hutengeneza jedwali: ubao uliosimikwa ukingoni ukionyesha kina hiki, maji ni kiasi hiki. Masika moja yakichimba sakafu ya mto au kuijaza mchanga, jedwali limekwisha kazi, lakini ubao utaendelea kusomwa vilevile. Namba nayo ina shahidi wake, na shahidi huyo huchoka.

Maandishi nayo yana mitego yake. Mwaka 1874 mpelelezi Mwingereza Cameron aliandika kwamba Ziwa Tanganyika linatoa maji kupitia Lukuga, upande wa Kongo. Mpelelezi mwenzake, Stanley, alifika pale mwaka 1876, akakuta matete na tope, maji hayaendi. Wasomaji wa Ulaya wakabishana nani mwongo. Miaka michache baadaye kizuizi kikabomoka, na Joseph Thomson, aliyepita 1879 kuingia 1880, akakuta mto wenye nguvu. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja aliandika siku yake.

Kwangu mimi, hatari kubwa ni kipimo kifupi kinachojifanya kirefu. Ziwa Rukwa, linalopokea mito ya mteremko wa mashariki wa Ufipa na lisilo na pa kutokea, lilikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi mwaka 1929. Mwaka 1939 lilikaribia 130. Ofisa ambaye angegawa maji kwa vipimo vya mwisho wa muongo huo angegawa maji ya neema, kisha ukame ungemkuta na vibali mkononi.

Kwa hiyo kibali cha kutumia maji, chini ya sheria ya maji ya Tanzania ya mwaka 2009, kingenipa imani zaidi kama kingetaja mambo mawili: jedwali la mto lilihakikiwa lini mara ya mwisho, na wazee wa kijiji wanaonyesha wapi alama ya mafuriko makubwa, na wapi walivuka kwa miguu mwaka wa kiangazi kikali. Alama ya mafuriko hupimika kwa futi ya fundi. Tarehe yake iandikwe siku hiyohiyo, kabla mzee hajarudi shambani.