Wakala Jirani, Majibu Mjini

Siku hizi husemwa kwamba simu na mawakala wameua umbali, na kwamba anayeogopa benki leo ni mshamba, apewe elimu ya fedha. Wanaosema hivyo zaidi ni watu ambao tawi lao liko ghorofa ya chini ya ofisi yao.

Umbali upo, ila umehamia kwingine. Tangu Benki Kuu ya Tanzania iruhusu uwakala wa benki mwaka 2013, mahali pa kuweka pesa pamesogea kweli hadi kijijini. Mahali pa kudai pamebaki palepale, wilayani. Shangazi yangu, mkulima wa korosho, alikwenda kwa wakala kutoa shilingi 30,000. Salio likakatwa, pesa hakupewa. Wakala, kijana wa watu, akamwonyesha simu: “Mama, huku kwangu muamala haujafika. Nenda tawini.” Tawini ni basi la alfajiri, foleni, fomu, kisha “subiri siku saba”. Alikwenda mara mbili. Alipopiga hesabu ya nauli ya safari ya tatu, akaona inapita kile anachokidai, akakaa nyumbani.

Mtu huyo utamfundisha elimu gani ya fedha?

Na wala hakurudi kuficha noti chini ya godoro. Pesa zake ziko VICOBA: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu, na wote watatu anajua wanakolala. Hesabu ikipungua, kesi inasikilizwa jioni hiyohiyo.

Msinijibu kwamba basi tujenge benki karibu. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo za wananchi wa Njombe na Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Milango yake ilikuwa jirani kabisa. Lakini bima ya amana wakati huo iliishia shilingi 1,500,000 kwa mteja. Mwenye zaidi aliachwa asubiri ufilisi.

Benki zinazotamba kwa wingi wa mawakala zituambie jambo moja: mwanakijiji akikatwa pesa kimakosa, nani aliye karibu naye ana mamlaka ya kuzirudisha? Kwa miamala midogo, wakala mwenyewe angetosha. Kwa sasa, malipo ya korosho yakiingia kwenye akaunti, shangazi anatoa yote siku hiyohiyo.