Ukali wa mitandaoni huanzia mfukoni

Siasa zinapochacha Afrika Mashariki, mjadala kuhusu staha mitandaoni hurudi katika kumbi za vyuo vikuu vya umma. Vijana huaswa wachunge ndimi. Linalosahaulika ni kwamba wengi wa wanaoaswa wanasoma kwa mkopo, na hawana uhakika wa ajira wakihitimu.

Kenya ni mfano wa karibu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 kwa magari, vijana waliuchambua kwenye TikTok na X, wengine wakiueleza kwa lugha za mama. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa, nao wakamiminiwa ujumbe, mwingine wa hoja, mwingine wa matusi. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa, lakini hasira haikupoa. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya msimu huo. Siku iliyofuata, Rais William Ruto alitangaza kuwa hatautia saini mswada huo.

Tusi na hoja zilitoka kwa umati mmoja, kwa sababu moja. Anayeziba la kwanza kwa pupa huziba na la pili.

Uganda ilijaribu njia hiyo. Julai 2018 ilianza kutoza Sh200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Wengi wakakimbilia VPN, na mwaka 2021 tozo hiyo ikapisha kodi ya asilimia 12 kwa data. Stella Nyanzi, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alifungwa miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi la Facebook kumhusu Rais Yoweri Museveni. Februari 2020 Mahakama Kuu ilimwachilia. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichoharamisha mawasiliano ya kuudhi.

Hata hivyo, si kila neno ni la kuvumiliwa. Ghasia za Kenya za 2007 na 2008 ziliua zaidi ya watu 1,000, na neno "madoadoa", lililotumiwa kuwabagua watu wa makabila mengine, halijasahaulika Bonde la Ufa. Tusi kwa kiongozi humuudhi kiongozi. Neno linalomgeuza jirani kuwa doa huandaa panga. Hatari huzidi uchumi unapoyumba, kwa kuwa kulaumu kabila la jirani ni rahisi kuliko kusoma bajeti.

Hapo ndipo vyuo vina kazi: kuwafundisha vijana kutenganisha hasira dhidi ya sera na chuki dhidi ya watu, na kuwaita mawaziri wa fedha kwenye kumbi zile zile wajibu maswali. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mahubiri ya staha yasiyogusa bei ya unga hayatamfikia.