Vikongwe, Mvua na Ramli: Kile Usomi Unachokijua Kuhusu Uchawi Usukumani

Safu ya Shija Maganga, Isaka

Vyuo vikuu huchunguza uchawi, mizimu na maono kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya maabara, na huitwa parasaikolojia. Mizizi yake iko London, ambako mwaka 1882 kiliundwa chama cha kuchunguza madai ya kuzungumza na wafu na kusoma mawazo ya mtu aliye mbali. Katika miaka ya 1930, J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliwapa watu karata 25 zenye alama tano wazibashiri bila kuziona. Anayebahatisha tu hupatia wastani wa karata tano. Rhine alitangaza kuwa baadhi walizidi hapo, lakini watafiti wengine waliporudia jaribio kwa masharti makali hawakuyapata matokeo hayo. Wanasayansi walio wengi hawayakubali hadi leo.

Njia ya pili ni ya anthropolojia, sosholojia na uchumi. Hii haijishughulishi na kama uchawi upo au haupo. Huuliza nani anatuhumiwa, anatuhumiwa na nani, wakati gani, na kinachofuata ni nini. E. E. Evans-Pritchard aliiwekea msingi mwaka 1937 katika kitabu chake juu ya Wazande, ambao baadhi yao huishi Sudan Kusini ya leo. Ghala la nafaka likiwaangukia watu waliokaa kivulini, Mzande anajua fika kwamba mchwa walikula nguzo. Anachotaka kujua ni kwa nini lilianguka saa ileile watu wale walipokuwa chini yake. Swali hilo la “kwa nini mimi, kwa nini leo” ndilo linalompeleka mtu kwa mpiga ramli, Isaka kama kwingineko.

Usukuma ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zilizochunguzwa sana kwa njia hiyo ya pili. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika kwa kina juu ya mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi, na kazi yake ikatokea mwaka 1994 katika kitabu kilichohaririwa na Ray Abrahams wa Cambridge. Takwimu za serikali alizozichambua zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa nchini Tanzania kwa tuhuma hizo. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea Usukumani. Mesaki aliyahusisha na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, iliyowakusanya pamoja watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila kaya na eneo lake. Ugonjwa na kifo vilipoingia, jirani mpya akawa wa kwanza kushukiwa. Bibi mwenye macho mekundu alihesabiwa mchawi, ilhali wekundu ule ulitokana na miaka mingi ya kupikia kuni na mavi ya ng’ombe yaliyokaushwa.

Mwanauchumi Edward Miguel alifuatilia suala hilo Meatu, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Alilinganisha kumbukumbu za mvua na za mauaji katika vijiji 67. Katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya “wachawi” yaliongezeka takribani maradufu, huku mauaji ya aina nyingine yasipande vivyo hivyo. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee wa kaya maskini, na mara nyingi ndugu zao wenyewe walihusika. Chakula kinapopungua, mdomo wa kikongwe huonekana mzigo, na tuhuma ya uchawi humfungulia njia mkata mapanga.

Ukitoka Isaka ukaipita Kahama, unaingia ukanda wa dhahabu wa Bulyanhulu na Geita, na huko bahati ndiyo inayotawala. Duara moja, yaani shimo la mchimbaji, linatema mawe ya dhahabu, la jirani halitoi kitu, na wachimbaji wote wawili wametokwa jasho sawasawa. Deborah Bryceson na wenzake walieleza mwaka 2010 jinsi mashaka hayo yanavyowafunga wachimbaji wadogo kwa waganga wanaouza dawa za utajiri, na jinsi biashara hiyo ilivyohusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao hutiwa katika dawa hizo. Ualbino ni hali ya kurithi: mtoto huzaliwa nayo akipokea chembe ya urithi kutoka kwa baba na mama, ambao wenyewe wanaweza kuwa na ngozi nyeusi. Kiungo cha mtu mwenye ualbino hakina dhahabu ndani yake. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingali ikitumika. Inakataza kujidai kuwa na nguvu za uchawi, na pia kumtaja mtu kuwa mchawi nje ya vyombo vya dola. Lakini hukumu huja baada ya kaburi kuchimbwa, na ramli chonganishi, ile inayomtaja jirani kuwa mchawi, hupigwa gizani.

Utafiti unaelekeza kwenye kinga iliyo karibu zaidi. Miguel mwenyewe alipendekeza pensheni kwa wazee, ili kikongwe awe mtu anayeleta fedha nyumbani badala ya kuhesabiwa mzigo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara nayo iwape wazee wake wote haki hiyo, ikianzia vijiji vya Shinyanga, Simiyu na Geita. Majiko yasiyo na moshi yawafikie akina bibi, na somo la urithi wa ualbino lifundishwe machimboni kama linavyofundishwa darasani. Watafiti nao wayarudishe matokeo yao kwenye mikutano ya vijiji walikoyachukua, kwa Kiswahili na Kisukuma. Kila mwaka mvua inapokataa, viongozi wa vijiji wawalinde vikongwe kabla tuhuma haijatamkwa.